Mtu Aliyezikwa Mara Mbili

Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja, ambaye kalamu yake naiheshimu, aliandika kwa hasira kwamba Maktaba ya McMillan iliyo Banda Street, hapa Nairobi, ing'olewe jina, wale simba wake wawili wa mawe wapakiwe kwenye lori wakatupwe, na jengo lipewe jina la shujaa wa uhuru. Wiki hiyo hiyo, katika mkutano wetu wa Jumamosi, dada mmoja akasimama akampinga: ati jengo ni urithi, ni sanaa, lisiguswe hata kwa msumari, tulitunze kama yai. Makofi yakapigwa upande huu na upande ule. Mimi sikupiga. Nilikuwa na njaa, chai ilikuwa haijafika, na mtu mwenye njaa habishani vizuri. Sasa nimeshiba, acheni niseme. Wote wawili wamekosea, tena kosa ni lile lile moja. Wamesimama barabarani wakaliangalia jengo kwa nje.

Haya, tuanze huko huko nje, maana ndiko walikotupeleka. Upande mmoja kuna Msikiti wa Jamia, ambao ulianza kujengwa mwaka 1925 ukakamilika 1933. Upande wa pili ndiyo maktaba, iliyofunguliwa mwaka 1931. Majengo haya mawili yalikuwa yakipanda pamoja, jiwe kwa jiwe, katika mji ambao umri wake ulikuwa miaka thelathini na kitu tu. Lakini msikiti ulijengwa na watu waliotaka mahali pa kuingia. Hiyo maktaba jirani yake iangalie vizuri. Ngazi pana za kukufanya uinue kichwa. Nguzo kubwa za kukufanya ujione mdogo. Mawe ya kijivu yaliyochongwa kana kwamba hapa Nairobi kuna barafu ya kukingwa. Halafu, chini ya ngazi, simba wawili.

Hebu tuulizane kwa lugha rahisi: kitabu kinataka nini? Kitabu kinataka kivuli, kinataka mwanga, kinataka paa lisilovuja na kiti kisichouma mgongo. Msomaji naye anataka mlango ulio karibu na kwao. Kati ya hivyo vyote hakuna kinachohitaji simba. Nguzo za namna ile Wagiriki na Warumi waliwajengea miungu yao, kisha watu wa Ulaya wakazipenda kwa mahakama, mabenki na mabunge, yaani mahali pote ambapo mtu wa kawaida hutakiwa aingie akitetemeka. Kwa hivyo mtu anayesema ati hayo ni mapambo tu, hajui kusoma jengo. Jengo husomwa kama kitabu, na hili ukurasa wake wa kwanza unasema: wewe unatafuta nani hapa?

Jibu lenyewe limo katika jina. William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani, tajiri aliyezaliwa mwaka 1872, akaja Kenya kuwinda akabaki kumiliki. Alikuwa na Juja, ambako Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikaribishwa mwaka 1909 alipokuja kuua wanyama wetu. Alikuwa na mashamba pale Kilimambogo. Aliishi pia Chiromo, mahali ambapo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ambapo alama zangu za KCSE hazikunifikisha, lakini hilo tuliache. Alipigana hapa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, akapewa u-Sir na Waingereza, akaketi katika baraza la kutunga sheria la koloni. Alifariki mwaka 1925. Mjane wake, Lady Lucie McMillan, ndiye aliyesimamisha jengo lile kwa ukumbusho wa mumewe. Mwaka 1938 likatungiwa hata sheria yake lenyewe. Mwaka huo huo kitabu cha Jomo Kenyatta kuhusu Wagikuyu kilikuwa kinatolewa London. Mwandishi wake, lau angekuwa Nairobi siku ile na kitabu chake mkononi, asingeruhusiwa kukipeleka mwenyewe rafuni.

Naam. Hiyo ndiyo kazi ya jengo lile lilipozaliwa. Kwanza lilikuwa ukumbusho wa marehemu, halafu ndipo likawa maktaba, na maktaba yenyewe ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwaka 1958. Hesabu mwenyewe: miaka 27 ya kusoma kwa rangi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Matungulu, upande wa ule mlima ambao Wakamba wanauita Kyanzavi, Wamasai Ol Donyo Sabuk, na sisi kwa Kiswahili Kilimambogo. Alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi alilijua kaburi la Bwana McMillan lililo mle mlimani. Wenyeji husimulia kwamba marehemu alitaka azikwe kileleni kabisa, ili aendelee kuona mali yake, lakini alikuwa jitu la mtu, mteremko mkali, na safari ya jeneza ikaishia njiani. Akazikwa walipofikia. Kwa babu na wachungaji wenzake lile lilikuwa kaburi la kuogopwa, la kupitwa mbio jioni.

Mwaka 1951 babu akaja Nairobi. Alipata kibarua cha kubeba majora ya nguo katika duka la Mhindi mmoja pale Bazaar Street, hiyo ambayo leo ni Biashara Street. Kila siku alipita mbele ya lile jengo, jora begani, na kwa muda mrefu aliamini kwamba ni mahakama kuu ya Wazungu. Hakuna aliyemwambia asipande zile ngazi. Hakuhitaji kuambiwa. Siku moja akamuuliza mzee mmoja mpishi aliyekuwa akipita njia hiyo na kikapu, "Mzee, hapa ni pa nani?" Mzee akamjibu, "Hapa ni pa Bwana wa Kilimambogo, yule aliyekufa." Babu akasimama na jora lake. Kaburi la mtu huyu si lilikuwa nyumbani kwao? Alilijua kwa macho yake mwenyewe! Akaenda zake akicheka peke yake kama mwendawazimu, na jioni akawaambia wenzake kwamba Wazungu kumbe huzikwa mara mbili, mara moja mlimani na mara ya pili mjini.

Alikufa mwaka 2015 bila kuingia humo. Niliwahi kumuuliza mbona hakuingia hata baada ya uhuru, maana alijua kusoma, Biblia ya Kikamba aliimaliza mara nyingi tu. Aliniangalia kama kwamba nimemuuliza mbona hakulala kwenye kaburi la mtu.

Nimeyaleta haya ya babu kwa sababu yanamjibu yule dada yetu wa urithi. Unaposema jengo libaki lilivyo, unasema kaburi libaki kaburi. Urithi wa nani? Tembea dakika chache tu kutoka Banda Street mpaka Kenyatta Avenue, utakuta sanamu ya watu watatu wa shaba, iliyowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita ile ile aliyopigana McMillan. Ina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Jina la mtu hata mmoja halimo! Wabeba mizigo walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kwa kuhara zaidi kuliko kwa risasi, nao wakaachiwa sanamu moja ya kugawana pamoja na jina la soko, Kariokor. Vita ni moja na mji ni mmoja. Huyu akapewa nyumba yenye nguzo na jina lake juu ya mlango, wale wakapewa shaba isiyojua jina la mama zao. Ukiniambia hiyo ni sanaa, nitakubali. Sanaa ndiyo. Lakini usiniambie nisiulize inasema nini.

Na kuna porojo nyingine inayoandamana na hii ya urithi, kwamba tuwashukuru kwa sababu wao ndio waliotuletea maktaba na vitabu. La hasha! Maktaba ya Seif bin Salim ilikuwako Mombasa tangu mwaka 1903, kabla mtu hajaota nguzo za Banda Street. Na kabla ya hapo, huko Pate, Utendi wa Tambuka ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa hati ya Kiarabu mwaka 1728, wakati ambapo Nairobi ilikuwa kinamasi cha vyura. Walichotuletea wao ni mlango wenye bawabu.

Sasa nimgeukie ndugu wa lori. Ndugu yangu, unataka jina ling'olewe. Sawa, tuseme limeng'olewa. Hiyo Bazaar Street ya babu ilibadilishwa ikawa Biashara Street. Delamere Avenue ikawa Kenyatta Avenue. Government Road ikawa Moi Avenue. Wewe nenda Biashara Street leo saa tatu asubuhi uone nani anabeba jora na nani amekaa nyuma ya kaunta. Jora lingali begani! Jina limebadilika, bega ni lile lile. Nchi hii inapenda sana kubadilisha majina kwa sababu kibao ni rahisi kuliko kitu chenyewe. Waziri atakuja, atakata utepe, atapigwa picha, watu watakula soda, na kesho yake kijana wa Kayole atapita pale chini ya jina la shujaa bila kuingia, vile vile babu yangu alivyopita.

Mimi jina nataka libaki, tena lisuguliwe ling'ae. Libaki kama ushahidi unavyobaki mahakamani. Maana kuna jambo ambalo hawa wawili hawalijui, kwa kuwa hawaingii. Niliingia mara ya kwanza miezi michache baada ya kumaliza kidato cha nne. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Nairobi ya kuangusha mbingu, sikuwa na nauli ya saa ile ya mvua, nikapanda zile ngazi nikikimbia. Ndani nikakuta viti vizito vya mbao, ukimya mwingi, na mkusanyiko wa magazeti ya zamani na kumbukumbu za bunge tangu enzi za walowezi. Nilikaa mpaka jioni. Walowezi waliandika kila kitu! Walilalamika magazetini kuhusu wapishi wao, kuhusu kodi, kuhusu "uvivu" wa watu waliokuwa wakiwalimia mashamba. Waliandika kwa kujiamini kabisa, kwa sababu hawakuwahi kufikiri kwamba siku moja mjukuu wa mbeba majora ataketi kwenye kiti chao ayasome. Wametutunzia wenyewe ushahidi dhidi yao, ndani ya jengo la mawe, na simba wakiulinda. Halafu wewe unataka lori?

Riwaya yangu, ambayo sasa imefika kurasa 140 katika madaftari manne, ilianzia hapo. Sikwenda chuoni. Chuo changu kimekuwa ni viti hivyo.

Lakini msidhani ninasema kila kitu ni shwari. Tatizo ninaloliona ni kubwa kuliko jina, nalo halikai Banda Street peke yake. Shule niliyosoma, na sitaitaja, ilikuwa na maktaba. Chumba kizuri, madirisha mapya, kilijengwa kwa msaada. Funguo alikuwa nazo mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ilikuwa lazima atafutwe, na akipatikana aulize unataka kitabu cha nini wakati mtihani uko karibu. Kwa dirisha tuliviona vitabu vya picha kutoka ng'ambo, watoto wenye mafulana mazito wakicheza kwenye theluji. Kiswahili kilikuwa ni vile vya mtihani tu. Tulisoma Chozi la Heri la Assumpta Matei kwa sababu kiliamriwa, tukakariri maswali yake na majibu yake, basi. Siku niliyookota Siku Njema ya Ken Walibora kwa muuza vitabu vikuukuu, imechanika jalada, nilishtuka kwamba kumbe mtu anaweza kusoma riwaya ya Kiswahili bila kuulizwa dhamira. Je, mwalimu yule alikuwa McMillan? Alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtoto wa mkulima. Hakuna ubaguzi wa rangi pale. Ni mlango ule ule na bawabu yule yule, amebadilisha koti.

Hapo ndipo ninapotaka ugomvi wetu uhamie. Baraza la Jiji lilichukua maktaba ya McMillan mwaka 1962, na baadaye yakapatikana matawi mawili, Kaloleni na Makadara, huku kwetu Eastlands ambako watu wapo. Kwa miaka mingi baada ya hapo jengo lilichakaa machoni petu sote, na waliosimama kulitetea hawakuwa mabwana wakubwa. Walikuwa wanawake wawili wa ulimwengu wa vitabu, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walioanzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017 wakaingia makubaliano na kaunti. Na tazameni walikoanzia kazi ya ukarabati: Kaloleni na Makadara. Simba waliambiwa wangoje zamu yao. Mimi hilo peke yake lilinifurahisha kuliko hotuba kumi za Sikukuu ya Mashujaa.

Lakini rangi mpya ukutani haiandiki vitabu, na hapa lawama inarudi kwetu sisi wa gazeti hili. Maktaba iliyoanza kwa kujazwa vitabu vya aina moja ya watu haitageuka kwa kutabasamiwa. Itageuka kwa kujazwa upya, rafu kwa rafu, Kiswahili, Kikamba, Kiluo, Kigikuyu, mashairi ya mtaani, vijitabu vya kudurusu kwa mashine, vyote. Sisi tumefanya nini? Tunatoa nakala mia mbili za gazeti hili, tunagawiana sisi kwa sisi, tunasomeana, tunasifiana, halafu mama mwenye nyumba wa mwenzetu mmoja anafungia maandazi. Miaka hamsini ijayo, mjukuu wa mtu akitaka kujua vijana wa Nairobi wa zama hizi walifikiri nini, atakuta humo malalamiko ya walowezi kuhusu wapishi, yamefungwa vizuri kwa jalada gumu. Ya kwetu atayatafuta wapi? Kwenye simu zilizoibwa?

Kwa hivyo badala ya lori na badala ya yai, nina madai. Kwa kaunti: fungueni maktaba jioni, kwa sababu mtu wa kibarua hutoka kazini saa kumi na moja, na mlango unaofungwa kabla hajafika unamfungia yeye kwa makusudi, mtake msitake. Na fedha za vitabu zinunue kwanza vitabu vilivyoandikwa hapa na kwa lugha za hapa, badala ya kungoja makontena ya msaada yenye theluji ndani. Kwa sisi wenyewe: kila anayechapa kitu, hata kama ni karatasi nane zilizobanwa kwa pini, apeleke nakala mbili, moja Banda Street na moja tawi la karibu na kwao, na asiondoke mpaka zipokewe na kuandikwa. Tukikataliwa tutarudi. Tukikataliwa tena tutarudi tukiwa wengi. Kwenye ugomvi wa namna hiyo nitampa ndugu wa lori nafasi ya mbele, maana hasira anayo, na dada wa urithi nitamwomba achukue kumbukumbu, maana mwandiko wake ni mzuri.

Juu ya mlango wataendelea kumwandika McMillan. Poa. Mwaka 1957 Lady Lucie naye alifariki, akazikwa kule kule Kilimambogo kando ya mumewe, na mwaka uliofuata ule mlango wa mjini ukafunguliwa kwa wote. Sisemi hili lilisababisha lile. Ninasema tu kwamba mlango uko wazi tangu wakati huo, na kwamba mama yangu, binti wa mbeba majora, nilimwingiza mwaka jana nikamkalisha kwenye kiti, akavua viatu chini ya meza kisirisiri kwa sababu vilikuwa vinambana, akasoma gazeti la siku ile mpaka mwisho, hata matangazo ya vifo.

Toleo hili likitoka nitapeleka nakala mbili mwenyewe. Anayetaka twende pamoja tukutane Jumamosi saa nne asubuhi, kwa simba wa kushoto. Tukikuta mlango umefungwa kwa sababu ya ukarabati, tutasomea kwenye ngazi.